Koilegen naye alikuwa mtoto wa Kimnyole

Na Salim Mwakio

Siku ya Mashujaa haipiti bila jina la Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, kutajwa jukwaani. Ni haki yake. Aliitwa kwenye mazungumzo ya amani Oktoba 19, 1905, akapigwa risasi na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen. Leo ana makumbusho kule Nandi Hills, ana chuo chenye jina lake, na fimbo zake zilizobebwa hadi Uingereza zilirudi nyumbani mwaka 2006.

Lakini Koitalel alikuwa na ndugu wa baba mmoja. Jina lake Kipchomber arap Koilegen, na wiki hii nataka tumtazame yeye.

Baba yao, Kimnyole, alikuwa Orkoiyot wa Wanandi, kiongozi wa kiroho kutoka ukoo wa Talai. Simulizi za Wakalenjin husema ndiye aliyetabiri nyoka wa chuma, yaani treni, atakayepita katika nchi akitema moshi. Mwaka 1890, baada ya maradhi ya mifugo na ukame, watu wake wenyewe walimlaumu kwa mikosi hiyo na kumpiga hadi kufa. Watoto wakagombea kiti. Koitalel akabaki na Wanandi. Koilegen akaenda kwa Wakipsigis, wakampokea, naye akawa Orgoiyot wao, kama wanavyolitamka wao jina la cheo hicho.

Tuelewane hapa, maana neno "kiongozi" hutupoteza. Wakipsigis hawakuwa na mfalme. Mambo ya kila siku yaliamuliwa na wazee wa kokwet, baraza la kijiji, wakiwa wamekaa chini ya mti. Orgoiyot hakuamuru wala hakukusanya kodi. Vijana walipotaka kwenda vitani walitafuta baraka zake, na alipokataa, wengi walirudisha mikuki nyumbani. Watu walimheshimu na pia walimwogopa, na ukoo wake uliishi na hofu hiyo ya majirani siku zote. Sitaificha: miongoni mwa Wakipsigis wenyewe wako waliofurahi Watalai walipoondolewa.

Mwingereza hakuweza kumwelewa mtu wa namna hii. Alishazoea kumtafuta chifu, ampe kofia na mshahara, kisha amtume kukusanya kodi. Kwa Wakipsigis, ambao yeye aliwaita Walumbwa, alikuta mtu asiye na ofisi lakini neno lake linasikilizwa. Sotik, katika nchi yao, ilishaonja bunduki za Waingereza mwaka 1905. Miaka tisa baadaye ikaja silaha nyingine. Mwaka 1914 Koilegen na ndugu zake walikamatwa kwa madai ya uchochezi, wakapelekwa nchi ya Wakikuyu. Yeye akawekwa Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, katikati ya watu wasiojua lugha yake. Alifia huko mwaka 1916.

Risasi iliyomuua Koitalel ilisikika, watu wakalia, na kilio kikageuka wimbo na historia. Kwa Koilegen hapakuwa na mlio wowote. Kulikuwa na amri iliyoandikwa, safari, na kimya cha miaka miwili. Naamini ndiyo sababu shule zetu zinamjua mmoja na kumsahau mwingine. Tumejifunza kuheshimu damu iliyomwagika, lakini hatujajifunza kumhesabu aliyekufa polepole ugenini.

Na mkoloni aliona kwamba silaha hii inafaa. Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria mahususi ya kuwaondoa walaiboni, kama ilivyowaita Watalai. Yule ambaye hakuwa na kosa lolote aliingia kwenye orodha kwa sababu tu ya ukoo wake. Watu karibu 700, wake kwa waume, pamoja na watoto na mifugo, walihamishiwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, mahali penye mbung'o na malaria. Ng'ombe walikufa. Watoto walikufa. Nyuma yao, Kericho walikotoka ilikuwa ikigeuka kijani kibichi: ardhi iliyokwisha kutwaliwa na walowezi ilikuwa imeanza kupandwa chai na kampuni kubwa tangu miaka ya 1920.

Nilipokuwa Kericho nilikaribishwa na mzee mmoja wa Talai, mzaliwa wa Gwassi. Nyumba ya mabati, mvua ikigonga juu kiasi kwamba tulilazimika kusogeleana ili tusikizane. Mke wake alituletea chai ya maziwa. Mzee akainua godoro, akatoa mfuko wa nailoni, na ndani yake karatasi zilizokunjwa na kukunjuliwa hadi mikunjo ikakatika. Moja ilikuwa orodha ya majina iliyopigwa kwa taipureta. Akateremsha kidole hadi kwenye jina la babake, akakiacha hapo. Ngozi ya kidole ilikuwa nyeusi kwa utomvu wa majani ya chai. Maisha yake yote amechuma kibarua katika mashamba yanayoonekana kutoka mlangoni pake. Hakusema kitu, akakunja karatasi zake upya.

Watalai waliruhusiwa kurudi mnamo 1962. Walirudi wakakuta walikotoka pana wenyewe. Wengi wakaishia uskwota, na wajukuu wao wangali hivyo.

Hapo ndipo hasira yangu inapoiacha London na kurudi Nairobi. Mwingereza ana deni, na Mfalme Charles alipotutembelea mwaka 2023 alitupa masikitiko bila kuomba msamaha rasmi. Wakipsigis na Watalai wamekwisha kupeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, na mwaka 2022 walibisha hodi katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg. Sawa. Lakini hatimiliki ya shamba haitolewi Strasbourg, inatolewa hapa. Tume yetu wenyewe ya Ardhi iliyakubali madai yao mwaka 2019. Bendera ni yetu tangu 1963. Kwa nini mtoto wa Talai aendelee kutumikia adhabu iliyotolewa na gavana wa mkoloni?

Naiomba Wizara ya Ardhi ianze na familia zilizo kwenye ile orodha ya taipureta, kwa sababu majina yao yanajulikana. Naiomba Wizara ya Elimu iweke jina la Koilegen ukurasa mmoja na la nduguye.

Nawe msomaji wa Murang'a, kama babu au nyanya yako aliwahi kukusimulia habari za mfungwa kutoka Kericho aliyeishi kwenu kati ya 1914 na 1916, niandikie kupitia gazeti hili. Nitaipeleka barua yako mwenyewe kwa yule mzee.