Eti "nje ni nusu bei"!

Jamani wadau, hii habari ya "agiza nje, kamera ni nusu bei" imeshanichosha. Bumu likiingia tu, hosteli nzima inageuka wataalamu, maana mahafali yanakaribia na kila mtu anataka kupiga watu picha za majoho apate chochote. Biashara sikatai. Nakataa huo uongo.

Hiyo nusu inatoka wapi? Muuzaji wa huko hana huruma na mwanachuo wa Bongo. Mara nyingi kilichokatwa ni waranti: kamera imepitishwa mlango wa nyuma, ikifa unabaki nayo. Nikon ya Marekani imekuwa ikigoma kutengeneza kamera ambazo haikuziingiza yenyewe, hata kama hela ya fundi unayo. Jumlisha sasa na nauli ya mzigo, na TRA wanakusubiri. Nusu iko wapi?

Wengine wanatoa betri na chaja kwenye boksi halafu wanakuuzia kama nyongeza. Mwaka 2005 mpiga picha wa San Francisco, Thomas Hawk, alieleza jinsi duka moja la New York lilivyogoma kumtumia Canon aliyoagiza kwa vile alikataa kununua vikorokoro vyao. Huyo yuko kwao! Sisi je? (Na wakikuambia ununue kibadilisha umeme, kataa. Soma chaja yenyewe, nyingi zimeandikwa 100-240V. Unachohitaji ni plagi ya pini tatu, Kariakoo zimejaa.)

Ila kinachoniudhi kuliko vyote ni nyie mnaomcheka aliyelizwa. Kuna dada wa mwaka wa pili, simtaji, aliona kamera eBay, muuzaji akamwandikia "tulipane pembeni nikupunguzie". Akatuma kwa Western Union. Kimya mpaka leo. Bumu lote! Anakula kwa kukopa, na nyie mnamwita mshamba.

Mshamba kwa lipi? Nani kati yenu alimwambia kwamba eBay wenyewe wanakataza malipo ya namna hiyo, na kwamba ukishalipa pembeni ule ulinzi wa kurudishiwa hela haukuhusu tena? Mlijua, mkanyamaza, sasa mnacheka. Halafu ndo walimu watarajiwa hao, mwakani mko BT mnamchapa mtoto kwa kutojua kitu ambacho hamkumfundisha. Kha!

Na kumbe kaka mmoja ghorofa ya juu alishalizwa na muuzaji huyo huyo muhula uliopita. Hakusema, aliogopa vicheko vyenu. Angesema, dada yetu angekuwa na hela yake.

Jina analotumia huyo tapeli nimelibandika kwenye ubao wa matangazo pale chini ya ngazi. Jana kuna mtu kalibandua. Leo asubuhi nimelirudisha, kwa maandishi makubwa zaidi.