Hamu Itakukuta Mezani
Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi Sericho, nchini Kenya, likizoni huku tasnifu yake imekwama sura ya pili, asiende mbali kutafuta funzo. Vimondo vya huko, takriban tani 2.8, wachunga ngamia walivijua kwa miongo mingi, wakavipita. Mwaka 2016 ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia wao wakaamua kuvikusanya, na wanasayansi ulimwenguni wakalijua jina la Sericho. Kuona kazi si kuianza. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba anayepanga saa na mahali hutimiza mengi kuliko anayekusudia tu. Basi panga: baada ya swala ya alfajiri, simu ikiwa mbali, andika aya moja. Hamu? Itakukuta mezani.