Bahari ni ya umma, njia ya kuifikia nayo iwe ya umma



Pwani ya Kenya, kuanzia Vanga mpakani na Tanzania hadi visiwa vya Lamu, ina zaidi ya kilomita 500 za fuo, visiwa, mikono ya bahari na misitu ya mikoko. Sehemu kubwa ya masafa hayo sasa inapitika kwa gari dogo. Lami inatoka Lungalunga hadi Likoni, inavuka Mombasa, Kilifi na Malindi, kisha inapita Garsen na Witu hadi Mokowe. Kero ya wananchi iko kwenye mita mia chache za mwisho, baina ya lami na maji. Hapo njia ya umma imezibwa kwa ukuta, imeachwa ikaota vichaka, au haina hata kibao cha kuionyesha.

Upande wa kusini, anayetoka Mombasa hupanda feri ya Likoni au huzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Akifika Ukunda hukata kushoto kuingia Diani, na kasoro huanza kuonekana papo hapo. Barabara ya Diani hufuata ufuo kwa kilomita kadhaa, lakini anachokiona dereva ni kuta, mageti na majina ya hoteli. Njia za umma zipo, ila ni chache na nyembamba, na wanaozijua ni wenyeji: watu wa bodaboda, wauza vinyago na wavuvi. Asiye na mwenyeji huishia kwenye geti, akaambiwa anunue chakula au alipe kiingilio kabla ya kukanyaga mchanga ambao kikatiba ni wa Wakenya wote.

Kusini zaidi kuna mifano mizuri. Gazi, wanawake wa kijiji wana daraja lao la mbao linalopita katikati ya mikoko, na mapato ya mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ya kaboni, yamesaidia maji na shule. Wasini, kisiwa kinachofikiwa kwa boti kutoka Shimoni, wanawake vilevile wanasimamia njia ya mbao juu ya matumbawe ya kale. Wenyeji wakiachiwa njia huitunza, kwa sababu ndiyo inayowaletea riziki.

Kaskazini mwa Mombasa, kuanzia Nyali hadi Shanzu, ukuta unafuata ukuta. Ndiyo maana ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi wanauita Pirates, hufurika kupita kiasi sikukuu za Idi, Krismasi na Mwaka Mpya. Si kwamba watu hawapendi fuo nyingine. Huko kwingine hawana pa kupita, na wachache wanaopita hawana pa kuegesha gari, choo wala mwokoaji wa waogeleaji.

Daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991, foleni ya kungoja kivuko ilikwisha na safari ya Mombasa hadi Malindi, kama kilomita 120, ikawa nyepesi. Njiani dereva hupita msitu wa Arabuko-Sokoke wenye kilomita za mraba zipatazo 420, na mji wa kale wa Gede uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2024. Watamu na Malindi zina hifadhi za bahari zilizoanzishwa mwaka 1968, miongoni mwa za mwanzo barani Afrika. Hata hapa kuna vichochoro vilivyoonyeshwa kwenye ramani za upimaji ambavyo ardhini havionekani tena.

Namna njia inavyopotea inajulikana. Kichochoro cha miguu huwa kimepita baina ya viwanja viwili hadi diko la wavuvi. Mwenye kiwanja anajenga ukuta, naye jirani anajenga wake, na baina yao panabaki upenyo wa gari moja. Baadaye panawekwa mnyororo, kwa maelezo kwamba ni usalama. Mnyororo unakuwa geti, geti linapata askari, na bikoni ya mpimaji inafunikwa na maua. Mvuvi aliyekuwa akipanda na kapu la samaki moja kwa moja hadi barabarani sasa huzunguka mbali juani, na mama karanga, wanawake wakaanga samaki wanaomngoja, hununua samaki waliokwisha kulegea. Mtalii wa ndani aliyekuja na watoto wake kwa gari hugeuza akarudi alikotoka.

Katiba ya mwaka 2010 haina utata katika jambo hili. Kifungu cha 62 kinataja ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Inashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na kusimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Hakuna hati miliki ya hoteli wala ya nyumba ya likizo inayoweza kuufanya ufuo huo kuwa mali ya mtu.

Lakini haki hiyo inategemea maji. Katika pwani hii, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Yakipwa, mtu anaweza kutembea mbali kwenye mchanga ulio wazi. Yakijaa, pale ukuta ulipojengwa karibu na alama ya maji, ukanda wa umma humezwa wote na mawimbi hupiga ukutani. Aliyeingia kwa njia ya umma iliyo mbali hukuta amezingirwa: mbele ni maji, nyuma ni ukuta, na njia ya kutokea haipo. Kumwambia mwananchi kwamba ufuo ni wake huku akinyimwa njia za kuingia na kutoka ni kumpa haki inayopotea kila maji yanapojaa.

Kuta hizo zina madhara mengine. Wimbi linalopiga ukuta hurudi na nguvu na kuchota mchanga ulio mbele yake, hivyo ufuo hupungua kadiri unavyozuiwa. Kasa hutaga mayai juu ya alama ya maji, nao wakikuta ukuta hurudi baharini bila kutaga, au hutaga pale ambapo maji yatayafikia mayai. Anayefunga njia ya watu mara nyingi huwa amefunga pia njia ya viumbe na ya mchanga wenyewe.

Maeneo oevu yana kero yake. Mida, mkono wa bahari ulio baina ya Watamu na barabara kuu, kuna njia ya mbao inayoning'inia katikati ya mikoko, na kiingilio chake huchangia karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi jirani na Arabuko-Sokoke. Maji yakipwa, matope hubaki wazi na ndege hutawanyika mbali wakitafuta kaa na minyoo. Yanapoanza kupanda, ndege hao husogezwa kidogokidogo kuelekea mikoko, na hapo ndipo huonekana vizuri. Saa chache baadaye maji yametanda na hakuna cha kuona. Msafiri asiyejua saa za maji hufika akaondoka akidhani kwamba Mida haina kitu. Kibao kimoja barabarani chenye ratiba ya maji kujaa na kupwa kingeondoa hasara hiyo, na waongozaji wa kijiji wangepata wageni kwa saa inayofaa.

Mbele ya Malindi, barabara huvuka Mto Sabaki, ambao hushusha udongo mwekundu kutoka bara na kubadilisha rangi ya bahari kila mvua kubwa zinaponyesha. Mlango wa mto, wenye viboko, heroe na ndege wengi wa pwani, hauko mbali na daraja, lakini kuufikia humtaka mgeni kwanza apate kijana wa hapo wa kumwongoza.

Baada ya Garsen huanza delta ya Mto Tana, ambayo hekta zake 163,600 zilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu mwaka 2012. Hapa Wapokomo hulima kwa kufuata maji ya mto, na Waorma huleta mifugo malisho ya bara yanapokauka. Mafuriko ndiyo uhai wa delta, lakini pia hukata barabara. Mwishoni mwa mwaka 2023 maji yalifunika lami upande wa Gamba, na magari ya Lamu yakakwama. Barabara inayopita katika ardhi oevu inahitaji makalvati ya kutosha na tuta lililoinuliwa, maji yapite chini yake na gari lipite juu. Inahitaji pia taarifa mapema: dereva aelezwe akiwa bado Malindi kwamba mbele hakupitiki, asisubiri kuambiwa kwenye kizuizi cha usalama jioni.

Safari ya gari huishia Mokowe. Mji wa kale wa Lamu, urithi wa dunia tangu mwaka 2001, una vichochoro vya watu na punda, na gari halina kazi huko. Hivyo maegesho ya Mokowe na gati la boti ndiyo mlango wa kisiwa. Nauli na ada ya maegesho zisipobandikwa mahali pa wazi, abiria wa boti moja hulipa bei tofauti, na jina baya huwaangukia manahodha wote, hata waaminifu.

Mambo manne yangeondoa sehemu kubwa ya kero hizi. Kwanza, kila njia ya umma ya kwenda baharini itafutwe kwenye ramani za upimaji, ipimwe upya, ipewe namba na itangazwe katika gazeti rasmi la serikali. Pili, zilizozibwa zifunguliwe kwa amri ya kisheria, na gharama ya kubomoa ibebwe na aliyejenga. Tatu, kila njia iwe na kibao barabarani, mahali pa kuegesha magari machache na ratiba ya maji, na usimamizi wake ukabidhiwe vikundi vya wavuvi na wanawake wa kijiji husika, kama ilivyofanyika Gazi na Wasini. Nne, kibali cha ujenzi kando ya bahari kisitolewe kabla njia ya umma inayopakana na kiwanja haijaonyeshwa ardhini kwa bikoni zinazoonekana.

Wenye hoteli na nyumba za likizo nao wana haki ya usalama wa wageni wao. Haki hiyo inalindwa kwa ukuta ndani ya mpaka wa kiwanja, na haiwapi ruhusa ya kuzuia njia iliyo nje ya mpaka huo. Mgeni mwenyewe hufaidika akiweza kutoka kwenda kununua madafu, kukodi mtumbwi na kuzungumza na watu wa mahali alipofikia.

Serikali ya kitaifa, pamoja na kaunti za Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu, zinaombwa zianze na hatua isiyohitaji fedha nyingi: kuchapisha orodha ya njia zote za umma za kwenda baharini, kijiji kwa kijiji, kabla ya wasafiri wa Desemba kuanza kuteremka pwani. Orodha hiyo ikiwa mikononi mwa wananchi, kila njia iliyozibwa itajulikana, na aliyeiziba atatakiwa kujibu.

Msomaji,
Kilifi