Toa Pasi, Ndugu Yangu



Ukikaa jukwaani pale CCM Kirumba utasikia kelele moja kila mechi. Mshambuliaji amepiga chenga ya kwanza, ya pili, mwenzake yuko peke yake langoni, naye anataka chenga ya tatu. Jukwaa zima linasimama: “Toa pasi!” Ananyang’anywa mpira, na watu wanashika vichwa.

Wanaopiga kelele hizo ni akina nani? Ni mhasibu, muuguzi, mwalimu, mkuu wa idara. Jumatatu asubuhi wanarudi kazini na kufanya lile lile walilomkemea kijana wa watu. Faili limefungiwa kwenye droo yake. Kazi anaijua yeye tu, hamfundishi mwenzake. Likizo haendi, au akienda anazima simu ili kazi ikwame, wapate kujua kwamba bila yeye mambo hayaendi.

Sisemi haya kwa kuwanyooshea wengine kidole. Nilipohamishwa kutoka parokia yangu ya kwanza, nilikabidhi funguo na vitabu vya hesabu, lakini yaliyokuwa kichwani mwangu sikuyakabidhi: nani aliahidi mawe ya ujenzi, mpaka wa kiwanja ulizungumzwa vipi na majirani. Moyoni nilitaka waumini wanikumbuke. Walinikumbuka kweli, lakini ujenzi ulisimama, na aliyenifuata akalaumiwa kwa kosa langu. Nilikwenda kumwomba msamaha baada ya miaka mingi. Nilichelewa.

Mwaka 1990 Pamba ya Mwanza ilikuwa bingwa wa Tanzania. Baadaye ilishuka daraja, ikakaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20, hadi iliporudi mwaka 2024 ikiitwa Pamba Jiji. Wengi wa vijana walioirudisha hawakuwa wamezaliwa ule mwaka wa ubingwa. Mchezaji hupita, jezi hubaki. Ofisi ni hivyo hivyo, na parokia ni hivyo hivyo. Swali ni moja tu: atakayevaa jezi baada yako atakuta umemwachia nini?

Toka uwanjani, shuka hadi soko la samaki la Mwaloni. Wavuvi wa pale wataielewa haraka Injili ya Luka, sura ya tano. Petro amekesha bila kupata kitu. Kwa neno la Yesu anashusha nyavu, na samaki wanakuwa wengi hata nyavu zinaanza kukatika. Afanye nini? Anaweza kunyamaza ili samaki wote wawe wake. Lakini yeye na wenzake wanawapungia mkono washirika wao wa chombo cha pili, na vyombo vyote viwili vinajaa.

Tazama vizuri: kilichotishia nyavu hapo ni mafanikio. Kama Petro angetaka sifa ya peke yake, nyavu zingepasuka, na samaki wangerudi ziwani. Neema ilikuwa kubwa kuliko mtumbwi mmoja. Na wale walioitwa, Yakobo na Yohane, wakawa mitume pamoja naye.

Kuna wanaosema, “Baba, nikimfundisha kazi atachukua nafasi yangu.” Hofu hiyo naielewa, ajira ni ngumu na watoto wanataka ada. Lakini mfanyakazi anayeficha ujuzi halindi nafasi yake, analinda hofu yake. Siku akiugua, anayeumia ni mgonjwa aliye kwenye foleni, au mstaafu anayesubiri mafao yake.

Kesho ukifika kazini, mwite yule kijana mgeni, vuta kiti, mwoneshe lile jambo moja ambalo unalijua peke yako. Hiyo ndiyo pasi. Akifunga bao, shangilia naye.

Nawatakia Dominika njema.