Maziwa ya Mgando Palipo na Ng'ombe Wachache

Askari hachagui mahali pa kuhamishiwa, na jamaa yake humfuata. Mama aliyekulia katika Jimbo la Kusini la Zambia, ambako Watonga hugandisha maziwa vibuyuni na kuyaita mabisi, akifika Mwansabombwe kwa Mwata Kazembe, au Nchelenge kando ya Ziwa Mweru, ataona mara moja kwamba amefika katika nchi ya mihogo na samaki. Ng'ombe ni wachache. Watoto nao wanadai maziwa yao ya mgando.

Si lazima wayakose. Maziwa ya unga yenye mafuta yake hugandishika vizuri sana. Chemsha maji lita moja, yaache yapoe kidogo, kisha tia unga gramu 125, yaani nusu ya robo kilo, ukikoroga hata mabonge yaishe. Dondosha tone moja juu ya kifundo cha mkono: likiwa vuguvugu bila kuunguza, tia vijiko viwili vya mtindi mzuri usio na sukari, ukoroge polepole. Funika chombo, kivishe blanketi, ukiweke mahali pasipotikiswa hadi asubuhi. Yakishaganda, yaweke penye ubaridi, na uweke akiba ya vijiko viwili kwa mgando unaofuata. Siku harufu au rangi itakapogeuka, mwaga yote na utafute mbegu mpya.

Mwenye bahati ya kupata maziwa ya ng'ombe hana budi kuyachemsha kabla ya kuyagandisha. Hapa ndipo tunapogombana na wazee wetu, wasemao kwamba uchachu wenyewe hutakasa maziwa. Uchachu huzuia vijidudu vingi, ni kweli, lakini haupaswi kuaminiwa kuua kifua kikuu cha ng'ombe, wala ile homa ya vipindi itokanayo na ng'ombe wanaotupa mimba, ambayo humlaza mtu mwezi mzima na viungo vikimuuma. Ladha ya kibuyu haipotei kwa kuchemsha. Chemsha, poza, tia mbegu, ndipo umimine kibuyuni, kibuyu chenyewe kikiwa kimeoshwa kwa maji ya moto na kukaushwa.

Faida moja ya mgando haisemwi vya kutosha. Watu wazima wengi wa Afrika yetu, tumbo huwaunguruma wanywapo maziwa matamu, kwa kuwa sukari ya maziwa hawaisagi barabara. Vijidudu vya mgando huila sehemu ya sukari hiyo kabla yetu. Basi bwana asemaye kwamba maziwa hayampendi, mjaribu kwa nusu bilauri ya mgando.

Ukitaka kinywaji cha matunda, ponda ndizi mbivu mbili, utie bilauri mbili za mgando, upekeche hata povu lipande. Mashine ya umeme si sharti. Upekecho wa mti hutosha. Embe hufaa sana katika msimu wake. Papai na nanasi nazo zafaa, lakini zinywewe papo hapo, maana utomvu wake huvunjavunja maziwa na kuyafanya machungu yakikaa. Sukari haihitajiki ikiwa tunda limeiva. Kwa mtoto asiyetimiza mwaka, usitie asali kabisa, na maziwa ya mama yake ndiyo yabaki kuwa kinywaji chake kikuu.

Na siku unga wa maziwa umekwisha, mshahara haujafika? Waulize wenyeji habari za munkoyo, kinywaji kinachojulikana pia ng'ambo ya Mto Luapula, huko Katanga. Hupikwa uji mwepesi wa mahindi, ukipoa na kuwa vuguvugu hutiwa mizizi ya munkoyo iliyooshwa na kupondwa. Mizizi hiyo hugeuza wanga kuwa sukari, na uji mzito huwa majimaji matamu mbele ya macho yako. Huchujwa, kisha huachwa uchachuke. Mizizi inunuliwe kwa mtu anayeijua. Usijichimbie porini kwa kubahatisha. Maji ya kuongezea yawe yamechemshwa, maana pwani ya ziwa si ngeni kwa kipindupindu. Usitumie ndoo ya bati, kwa sababu uchachu hula madini yake; chungu, kibuyu au plastiki ya vyakula ni salama.

Munkoyo hautajaza nafasi ya maziwa. Una nguvu ya wanga, lakini hauna protini wala chokaa ya kumtosha mtoto. Hayo mtoto atayapata kwa chisense, wale samaki wadogo wa Mweru, wakiliwa pamoja na miiba yao.

Angalieni pia siku. Munkoyo wa siku ya kwanza ni kinywaji cha nyumba nzima. Ukiachwa siku kadhaa huanza kulevya, na huo asipewe mtoto, wala bwana anayekwenda lindo la usiku.