Hadithi ya Zamani Isimuliwe Upya, Lakini kwa Uwazi

Mwezi Novemba 2024, na tena mwezi Novemba 2025, majumba ya sinema katika nchi nyingi yalionyesha filamu mbili zilizotokana na hadithi ya watoto ambayo sasa ina umri wa zaidi ya miaka 120. Filamu hizo za Wicked zinasimulia upya habari za nchi ya kubuni iitwayo Oz, ambayo mwandishi wa Kimarekani L. Frank Baum aliianzisha katika kitabu chake cha mwaka 1900. Kwa kutokea kwake, mabishano ya siku nyingi miongoni mwa wasomaji wa vitabu hivyo yamefufuka. Wapo wanaosema kwamba hadithi ya zamani imechafuliwa. Wapo wanaosema kwamba imepewa uhai. Mabishano haya si ya watu wenye nafasi ya kupoteza wakati. Yanahusu jambo linalomgusa kila mwalimu na kila mzazi: ni nani mwenye haki ya kuibadili hadithi ambayo watoto wamelelewa nayo, na haki hiyo ina mipaka gani.

Kwanza yafaa vitabu vyenyewe vieleweke. Baum aliandika vitabu 14 vya Oz, vilivyotoka kati ya mwaka 1900 na 1920, na cha mwisho kilichapishwa baada ya kifo chake cha mwaka 1919. Katika kitabu cha kwanza, msichana yatima Dorothy anachukuliwa na kimbunga kutoka shamba kavu la mjomba wake huko Kansas, pamoja na nyumba na mbwa wake. Anaangukia Oz, na huko anasafiri na sanamu ya kutishia ndege inayotaka akili, mkata kuni wa bati anayetaka moyo, na simba mwoga anayetaka ushujaa. Mtawala wa nchi hiyo, ambaye watu wote wanamwogopa, anagunduliwa kuwa ni mfanya mazingaombwe tu asiye na uwezo wowote. Wale wasafiri watatu nao wanaonekana kuwa walikuwa na kile walichokitafuta tangu mwanzo wa safari. Hayo ni mafunzo makubwa yaliyoelezwa kwa lugha nyepesi, na ndiyo sababu kitabu kimedumu.

Wale wanaoitetea hadithi ya asili wana hoja yenye uzito, na mfano wao mkubwa ni filamu ya mwaka 1939 iliyotengenezwa Hollywood. Watu wengi duniani wanaijua Oz kwa filamu hiyo, wala hawajapata kukifungua kitabu. Wanajua kwamba Dorothy alivaa viatu vyekundu vya yakuti, hali katika kitabu viatu ni vya fedha. Rangi ilibadilishwa ili ipendeze katika filamu ya rangi, jambo lililokuwa bado geni wakati huo. Badiliko hilo ni dogo. Badiliko kubwa ni la mwisho. Katika filamu, Dorothy anaamka kitandani na kuambiwa kwamba yote aliyoyaona yalikuwa ndoto. Katika kitabu hakuna ndoto. Dorothy anarudi Kansas, viatu vya fedha vimedondoka jangwani njiani, naye anaiona nyumba mpya ambayo mjomba wake ameijenga badala ya ile iliyochukuliwa na kimbunga.

Nyumba hiyo mpya ina habari yake. Katika kitabu cha sita, cha mwaka 1910, msomaji anaelezwa kwamba mjomba alikopa fedha ili aijenge, akaweka shamba rehani, na sasa benki inataka kulichukua. Wazee wale wawili, waliofanya kazi maisha yao yote, hawana pa kwenda. Dorothy anawachukua na kuwapeleka Oz wakaishi huko. Na Oz ya kitabu hicho ni nchi isiyo na fedha wala masikini, ambamo kila mtu anafanya kazi kwa faida ya wote, na jirani anampa jirani mwenzake anachohitaji. Mtu anaweza kukubaliana au kutokukubaliana na picha hiyo ya maisha, lakini hawezi kukana kwamba imo kitabuni. Filamu iliyoifanya Oz kuwa ndoto iliufunga mlango huo. Mtoto aliyesoma vitabu anajifunza kwamba mkulima aliyeelemewa na deni anaweza kupata kimbilio, na mtoto aliyeona filamu tu anajifunza kwamba hapana kinachopita nyumbani, hata kama nyumba yenyewe ina deni. Kwa hiyo wasomaji wanaolalamika hawalalamikii rangi ya viatu. Wanalalamikia mafunzo yaliyoondolewa bila wenyewe kujua.

Hata hivyo, hoja ya kwamba hadithi ya asili isiguswe kabisa haiwezi kusimama. Baum mwenyewe alikuwa msimulizi wa hadithi za zamani kwa namna mpya. Katika dibaji ya kitabu chake cha kwanza alieleza kwamba ngano za kale za Ulaya zilikuwa zimejaa mambo ya kutisha, naye alikusudia kuwaandikia watoto wa wakati wake ngano ya kisasa, yenye maajabu na furaha. Wachawi aliwachukua kutoka katika ngano hizo hizo za kale. Zaidi ya hayo, wasomaji wake walishiriki katika kuujenga mfululizo mzima. Watoto walimwandikia barua wakiomba habari zaidi, na barua hizo ndizo anazozitaja katika dibaji ya kitabu cha pili, cha mwaka 1904. Mwaka 1910 alitaka kuufunga mfululizo, akaandika kwamba nchi ya Oz imetengwa na dunia isionekane tena. Watoto hawakukubali. Mwaka 1913, huku mwandishi mwenyewe akiwa amekwisha kufilisika, Oz ikafunguliwa tena. Hadithi iliyokua kwa maombi ya wasomaji namna hiyo haiwezi kuwa mali ya mtu mmoja milele. Na kwa sheria ya Marekani, tangu mwaka 1956 kitabu cha kwanza ni mali ya umma.

Kusimulia upya kumeleta matunda ambayo hakuna mpenda vitabu awezaye kuyakana. Huko Moscow, mwalimu wa hisabati Alexander Volkov alikitafsiri kitabu cha Baum kwa kujizoeza Kiingereza. Kazi yake ikatoka mwaka 1939 ikiwa si tafsiri tupu bali hadithi iliyoundwa upya. Dorothy akawa Ellie, mbwa akapewa uwezo wa kusema, sura nyingine zikaachwa na nyingine zikaongezwa. Katika toleo la mwaka 1959 Ellie si yatima tena, bali ana baba na mama. Kisha Volkov akaandika vitabu vingine vya kwake mwenyewe, cha kwanza kikiwa cha mwaka 1963, kuhusu seremala aliyejitengenezea jeshi la askari wa mbao na kujitwalia nchi. Watoto wengi wa Kirusi walikua wakimjua Ellie kabla ya kulisikia jina la Dorothy. Je, walipunjwa? Walipata hadithi iliyosemwa kwa lugha yao na kwa hisia za nyumbani kwao.

Vivyo hivyo, Januari 1975, Wamarekani Weusi waliionyesha hadithi hiyo katika jukwaa la Broadway, New York, kwa jina la The Wiz, kwa muziki wao na kwa namna yao ya kusema. Mchezo huo ulipata tuzo saba za Tony, ikiwamo ile ya mchezo bora wa muziki. Filamu yake ya mwaka 1978 ilimgeuza Dorothy kuwa mwalimu wa miaka 24 wa Harlem, na wengi walisema kwamba kwa kumwondoa mtoto katika hadithi ya mtoto watengenezaji walikuwa wamevuka mpaka. Lawama hiyo ilikuwa ya haki. Lakini haifuti jambo la msingi: watoto Weusi, ambao kwa miaka 75 walikuwa watazamaji wa hadithi ile, waliwaona wenzao wakiwa ndani yake.

Sasa limekuja suala la Wicked. Riwaya yenye jina hilo iliandikwa na Gregory Maguire mwaka 1995, ikageuzwa kuwa mchezo wa jukwaani mwaka 2003, na baadaye filamu. Inamchukua yule mchawi mwovu wa Magharibi na kumpa jina, utoto, shule, marafiki na dhamiri. Wapo wasomaji wanaoogopa kwamba mtoto akiambiwa kuwa mchawi mwovu hakuwa mwovu, atashindwa kutofautisha jema na baya. Hofu hiyo inaeleweka, lakini mbegu ya swali hilo ilipandwa na Baum mwenyewe. Katika kitabu cha 1900, mtawala mdanganyifu, ambaye anamwogopa mchawi huyo, anamtuma mtoto mdogo akamwue, na kuifanya kazi hiyo kuwa malipo ya kumrudisha kwao. Mtoto mwenye akili lazima aulize: ni nani hapa aliyempa mwenzake jina la uovu, na kwa faida gani? Mwandishi anayelifuata swali hilo hajaiharibu hadithi. Ameisoma kwa makini.

Lenye kuhitaji hadhari ni jambo jingine. Riwaya ya Maguire ni kitabu cha watu wazima, na ina mambo yasiyofaa kwa mtoto, ijapokuwa mchezo na filamu zimelainishwa kwa ajili ya familia nzima. Mzazi anayempa mtoto riwaya hiyo kwa sababu tu jina lake linafanana na la filamu hawezi kumlaumu mwandishi. Mtu mzima anapaswa kusoma kwanza, kisha ndipo atoe.

Kosa halisi katika jambo hili zima ni kubadili kwa siri. Mwaka 1921, baada ya Baum kufariki, mchapishaji alitoa kitabu kipya cha Oz chenye jina la Baum juu yake, hali kilikuwa kimeandikwa na Ruth Plumly Thompson, ambaye baadaye aliendelea kuandika vitabu vingine vya Oz kwa jina lake. Msomaji alidanganywa, na mwandishi akanyimwa heshima ya kazi yake. Namna nyingine ya siri ni ile ya kufuta aibu. Kitabu cha mwaka 1913 kina kabila la viumbe waliochorwa na kutajwa kwa dhihaka ya wazi juu ya watu weusi, na maneno hayo yamepunguzwa katika baadhi ya matoleo ya baadaye. Tena, kabla ya kuanza kuandika habari za Oz, Baum alikuwa na gazeti lake huko Aberdeen, Dakota ya Kusini, na katika maoni aliyoyaandika mwaka 1890 na 1891 alidai kwamba Wahindi Wekundu waangamizwe wote. Mwaka 2006 wazao wake waliwaomba radhi watu wa kabila la Sioux. Hao walionyesha njia. Hawakuvichoma vitabu vya babu yao, wala hawakuyaficha maneno yake.

Kwa mwalimu wa Afrika Mashariki, mambo haya hayako mbali. Mwaka 1940 hadithi nyingine mashuhuri ya watoto, ya Lewis Carroll, ilichapishwa London kwa Kiswahili kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na michoro yake ilimwonyesha Elisi akiwa msichana wa Kiafrika. Huko pia kulikuwa kusimulia upya, nako kulifanywa wazi, maana jina la mwandishi wa kwanza na sura ya mtoto mpya vilionekana pamoja. Na kabla ya vitabu, bibi aliyesimulia habari za Sungura na Fisi hakupata kuzisimulia mara mbili kwa namna moja. Lakini alikuwa na wasikilizaji walioijua hadithi. Akikosea walimsahihisha, na akiongeza lenye utamu waliitikia kwa furaha. Kilichomfanya awe huru ni kwamba wasikilizaji walikuwa na hadithi ya kulinganishia.

Hapo ndipo ulipo wajibu. Ni kazi bure kumkataza mtoto filamu mpya, na ni uzembe kumwachia filamu hiyo iwe ndiyo hadithi yote. Shule yenye maktaba, hata iwe ya rafu moja, na iweke kitabu cha kwanza kabla ya masimulizi yaliyokifuata. Mwalimu na awaulize wanafunzi maswali matatu mepesi: nini kimebadilishwa, ni nani aliyebadilisha, na ni nani amefaidika kwa badiliko hilo? Mtoto anayeweza kuyajibu maswali hayo juu ya viatu vya fedha na viatu vya yakuti ataweza kesho kuyajibu juu ya historia, juu ya matangazo ya biashara na juu ya maneno ya viongozi.

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Hawakusema kwamba asili isiongezwe neno. Hadithi na isimuliwe upya na kila kizazi, mradi anayesimulia aseme wazi kwamba yeye ndiye anayesimulia, na anayesikiliza awe anajua ilikotoka.