Kiu ya Mzee Haina Sauti

Hoja iliyochapishwa kwamba mzee mwenye dimensia akikataa chakula aachwe, maana siku zake zimetimia, siikubali. Dimensia ni ugonjwa wa ubongo, si hatua ya kawaida ya uzee. Anayeisukuma sahani huenda hajui tena kijiko ni cha nini, ana jino bovu, au kumeza kunamtaabisha. Kiu nayo hufifia kadiri umri unavyosonga. Katika joto la Voi, kaunti ya Taita Taveta, kumsubiri aombe maji ni kumkausha. Akishakaukiwa, choo hufunga, akili huvurugika zaidi, nasi twasema ugonjwa umezidi!

Wenye hoja hiyo watasema makao ya wazee ni haba Taita Taveta, na shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, hazitoshi. Kweli, hazitoshi. Lakini uji wa maziwa, papai lililoiva na kikombe kidogo cha maji kila saa moja au mbili havihitaji mtaalamu. Vyahitaji mtu wa kuketi naye. Kumlazimisha, hapana: atapaliwa. Na anayepaliwa mara kwa mara apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Moi, pale Voi, akapimwe umezaji wake.